Kuku Mweupe wa Njia ya Kabambare

Kasongo, tarehe 2 Mei 1954

Kwa Zuberi, fundi cherehani wa Wamaza, mtoto wa mjomba wangu, mtani wangu, mtu ambaye suruali zake hupasuka kabla mteja hajafika nyumbani,

Kama uko hai, pokea salamu. Kama umekufa, mwambie mke wako Mwavita aniandikie mapema nije kula. Sisi hapa tunapumua. Léontine anakusalimu na anauliza kama bado unatembea na ile kofia. Binti yetu Emilienne ameng'oka meno mawili ya mbele, na akisoma katekisimu sasa hata mapadri hawajui kama anasali au anapuliza moto. Mihogo ipo ya kutosha. Kengele ya baiskeli yako, ile niliyoifungua siku ya arusi yako mwaka 1939 na ambayo sasa ni mali yangu halali, bado inalia vizuri. Ndiyo ninayowaitia watoto shuleni kila asubuhi, na kila ikilia namkumbuka mwenyewe na ujinga wake.

Sasa neno lenyewe. Tangu Kwaresima mimi si mzima. Usingizi umenikimbia, chakula nakitafuna kama karatasi. Mwezi uliopita nilikuwa mbele ya darasa langu nikiwasomea watoto imla juu ya mto Lualaba. Nilifika katikati ya sentensi, nikakaa chini, nikaanza kulia. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyekufa. Watoto walingoja na kalamu zao hewani. Mmoja aliinua mkono akauliza kama na hicho wakiandike.

Padri mkuu alinipeleka lopitali. Munganga Mzungu aliniuliza maswali asubuhi nzima, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake: “Wewe hapana kichaa. Wewe iko na ugonjwa ya roho kuchoka. Kwetu tunaita dépression.” Akaongeza kwamba amestaajabu kidogo, maana alifikiri ugonjwa huo ni wa Wazungu tu. Alinipa vidonge, akaniuliza kama kuna mtu mmoja ninayeweza kumwambia kila kitu. Nilitaja jina lako, naye akaliandika kwenye karatasi yangu. Kwa sababu hiyo nakuandikia wewe kwanza, kabla ya wazee wa ukoo.

Najua desturi yako ya kusomea barua zangu barazani. Hii tafadhali usiisome mbele ya watu.

Mimi, Théophile, mwalimu


Wamaza, tarehe 30 Mei 1954

Kwa Théophile, mwizi wa kengele, mtoto wa shangazi yangu, mwalimu anayefundisha watoto wa wenzake ujinga aliouzoea nyumbani,

Tuko hai, alhamdulillahi, kwa hiyo chakula chako cha matanga kimechelewa tena. Mwavita hajambo. Cherehani ilivunjika mguu, nimeufunga kwa kamba ya katani na sasa inashona vizuri kuliko zamani. Pamba tumevuna. Baba mkwe wangu amehamia kwetu na meno yake yote manne.

Ombi lako la kutosoma barua mbele ya watu nimelikuta mwishoni, nikiwa nimekwisha kuisoma mbele ya watu kumi na mmoja na mbuzi. Siku nyingine ombi kama hilo uliweke juu.

Lakini tulicheka, ndugu yangu! Mwavita alimwaga chai. Kile cha mtoto kuuliza kama aandike kilio chako, baba mkwe alidai nikisome mara tatu. Ila nakuuliza: kwamba wewe kichwa chako si kizima, ilihitaji munganga atoke Ulaya kwa meli? Mimi nilijua tangu siku ulipombatiza mbuzi wa Babu ukamwita Agostino. Na sasa umeendelea hadi hata magonjwa yako ni ya Kizungu. Sisi washenzi tumebaki na malaria na minyoo. Ile karatasi ya évolué, ya mtu mweusi aliyestaarabika kama Mzungu, unayoitafuta miaka mitatu, nenda sasa hivi ukawaonyeshe cheti cha munganga, watakupa na viatu.

Jina langu nalo liko lopitali! Waambie waongeze na kazi yangu, labda munganga anahitaji suruali.

Nakupelekea karanga. Uzitafune kama karatasi.

Zuberi, mwenye kengele


Kasongo, tarehe 19 Juni 1954

Kwa Zuberi, mtani,

Salamu kwako na kwa Mwavita na kwa wale kumi na mmoja. Karanga zimefika, funza walitangulia, lakini wametuachia nusu. Emilienne ameanza kuota meno mapya. Léontine anafanya kazi ya watu wawili wala halalamiki, jambo linalonitia hofu, maana unamjua.

Kosa si lako. Mimi ni mtoto wa shangazi, wewe ni mtoto wa mjomba, na Babu alitufundisha kwamba mtani hakasiriki wala haaminiwi. Mwaka 1946 nilikuandikia kwamba nimeliwa na mamba, nawe ukatuma salamu kwa mamba. Miaka yote hiyo tumedanganyana kwa raha. Leo nina neno la kweli na sina mlango wa kulipitishia.

Basi nimekumbuka sheria ya Babu. Pamoja na barua hii anakuja kuku mweupe, mzima, asiye na doa, kwa mkono wa Bulaimu, dereva wa kamyo ya pamba. Unajua maana yake katika ukoo wetu. Kuku mweupe akifika kwa mtani, utani umefungwa. Anayempokea anamfuga, hamli, mpaka amesikia neno lililokuja naye na kulijibu kwa kweli. Mara ya mwisho ni Babu aliyemleta, siku alipotuambia kwamba mama yangu hatapona. Kuku huyu nilimtafuta mpaka Nyangwe, maana wa hapa wote wana madoa.

Neno ni hili. Mimi ni mgonjwa, Zuberi, sifanyi mchezo. Kuna asubuhi Léontine ananivalisha shati kama mtoto. Padri amempa mwenzangu Placide watoto wangu wa darasa la tatu, na amesema ikifika Oktoba sijaweza kusimama, watabaki kwake. Placide ni mtu mwema. Anawaita watoto kwa kupiga makofi. Kengele iko juu ya kabati, na mimi naitazama.

Sitaki dawa kwako, wala shauri. Nataka mtu mmoja ajue, asicheke, kisha abaki kuwa rafiki yangu. Naogopa vitu viwili: kwamba hutaniamini, na kwamba ukiniamini utaanza kuniheshimu. Nijibu upesi.

Théophile


Wamaza, tarehe 8 Julai 1954

Kwa Théophile, mgonjwa wa Kizungu, baba wa imla zisizokwisha,

Hatujambo hapa, isipokuwa vumbi. Tangu mvua zikatike hatuoni jirani wala adui. Kamyo ikipita, nguo nilizoanika zinageuka rangi zote kuwa moja, na wateja wananidai maelezo. Mwavita anakohoa, lakini kwa sauti nzuri.

Kuku wako mwekundu amefika. Alikuwa amesimama juu ya magunia ya kamyo kama Bwana mkubwa wa serikali anayekagua mashamba, wala hakutusalimu. Barua haikuwako. Bulaimu anaapa kwamba ulimpa barua. Aliitafuta mifukoni, kofiani, hata ndani ya kiatu, kisha akasema labda imeshuka yenyewe Kabambare. Mimi sikuhangaika. Nilisema moyoni: kengele imemuuma dhamiri, anatubu kwa manyoya.

Tumemla Ijumaa. Alikuwa mgumu, mwalimu. Baba mkwe alikuwa na meno manne, sasa ana matatu, na la nne limebaki pajani mwa kuku wako. Mchuzi lakini ulikuwa mzuri sana. Wote waliokula walikuombea Mungu akuzidishie wazimu, ili kuku wazidi kuja.

Mpe Léontine salamu. Mwambie kofia ninayo.

Zuberi, aliyeshiba


Kasongo, tarehe 27 Julai 1954

Kwa Bwana Zuberi, Wamaza,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 8, nakushukuru. Nafurahi kusikia kwamba kuku mmemla na kwamba mchuzi ulikuwa mzuri. Nasikitika kwa jino la baba mkwe wako.

Sisi hatujambo. Léontine hajambo, Emilienne hajambo.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kengele yako. Niliichukua bila ruhusa na haikuwa haki yangu. Nimeipaka mafuta. Unisamehe kwa usumbufu wa miaka hii kumi na mitano.

Mungu awalinde wewe na nyumba yako.

Wako mtiifu,
Théophile


Wamaza, tarehe 14 Agosti 1954

Théophile,

Barua hii naibeba mwenyewe. Bulaimu simwamini tena hata kwa salamu. Na naiandika, ingawa nitakuwa nimesimama mbele yako, kwa sababu mdomo wangu hauna adabu. Nikianza kusema kwa mdomo nitatania, nami sitaki. Nitakupa karatasi, uisome, mimi nitangoja kimya.

Barua yako ya Julai niliisoma mara nne nikitafuta tusi. Niliigeuza nyuma. Nilichungulia ndani ya bahasha. Hakuna hata moja, na chini umeandika “mtiifu.” Kisha nikafungua kifurushi, kengele ikadondoka mapajani mwangu, ikalia. Théophile, niliogopa kuliko siku chui alipoingia zizini. Sijawahi katika maisha yangu kuiomba ile kengele nikitaka irudi. Nilikuwa naiomba ili ukatae.

Nilikwenda kumngoja Bulaimu Kabambare, siku mbili. Alipofika nilimwambia hatutaondoka hapa mpaka kamyo nzima iwe chini. Barua yako ya Juni tuliikuta mlangoni. Ilikuwa imekunjwa mara nane na kusukumwa kwenye pengo la mlango ili usigonge njiani. Bulaimu alisema imemsaidia sana. Niliisoma peke yangu nyuma ya magunia ya pamba. Hakuna aliyeisikia.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mwavita: siku ile ulipomnyonyoa kuku, alikuwa wa rangi gani? Akaniambia, “Maji yalikuwa mekundu, kuku njo alikuwa mweupe. Nilizania kuku ya Kasongo inatoka rangi, sawa vile vitambaa vyako.” Yeye si wa ukoo wetu, hajui sheria, hakuona sababu ya kuniambia. Siku tano juu ya kamyo, kiangazi, njia ya Kabambare: vumbi lilimvika kanzu nyekundu, na mimi, fundi wa nguo, sikujua kutofautisha ngozi na nguo. Nimekula kuku mweupe. Nimekula neno lako pamoja na ndizi, na nikakuandikia kwamba ni gumu.

Babu alisema anayemla kuku kabla ya kusikia, miguu yake italipa. Aende mwenyewe akasikie kwa masikio yake. Basi nimekwenda ofisini Kabambare kuomba karatasi ya njia. Karani aliniuliza, “Unaenda Kasongo juu ya nini?” Nikamjibu, “Juu ya kuku.” Akauliza kama nauza au nanunua. Nikamwambia nimemla tayari. Akapiga muhuri, akaandika: sababu za ukoo.

Sasa jibu langu, la kweli, kama sheria inavyotaka. Nimesikia. Wewe ni mgonjwa, nami nimeamini. Nimeona haya sana kwa kucheka. Ulinitaja mimi kwa munganga, kati ya watu wote wa Kasongo na Nyangwe, na mimi nikaulizia suruali. Sijui ugonjwa huu unatibiwaje na sitajifanya najua. Nitakaa. Asubuhi ambayo huwezi kuvaa shati, nitakuwapo, na kuvisha watu mashati ndiyo kazi yangu.

Na ile hofu yako ya pili iondoe. Sitakuheshimu. Hilo nakuahidi mbele ya Mungu.

Kengele nimeifunga kwenye baiskeli. Utanisikia kabla hujaniona.

Zuberi


Kasongo, tarehe 20 Septemba 1954

Kwa Zuberi, mla kuku wa watu, fundi asiyejua rangi,

Natumaini umefika Wamaza salama na kwamba Mwavita amekutambua, kwa bahati mbaya yake. Hapa tuko. Emilienne ana meno mapya na anayatumia kukuiga unavyokoroma. Léontine amelalamika tangu jana asubuhi bila kupumzika, juu ya kuni, juu ya paa, juu yangu, nami namsikiliza kama mtu anayesikiliza kinanda kanisani.

Nataka kukuambia jambo ambalo nilishindwa kusema ulipokuwa hapa. Siku ulipofika ulinipa barua, ukaketi kwenye kiti ukitazama ukuta kama mtu anayengoja kunyolewa. Nilichukua muda mrefu kuisoma, maana macho yalikuwa yananisumbua. Nilipomaliza ulisema neno moja tu: “Umekonda vibaya, mupumbavu.” Tangu Kwaresima watu wote walikuwa wananisemesha polepole, kama mtu anayebeba mayai. Siku hiyo nilikula.

Ulikaa siku kumi na nne. Kuna siku tulikaa kwenye mkeka kutoka asubuhi mpaka jua linazama bila kusema lolote, wewe ukishona, mimi nikitazama sindano. Wewe, Zuberi, ambaye hunyamazi hata ukila! Najua ilikugharimu nini. Na siku ile lopitali, nilitaka ardhi inimeze ulipomshika munganga mkono ukamwambia, “Mimi njo Zuberi, yule wa kwenye karatasi.” Lakini munganga alitoa ile karatasi, akatazama jina, akakutazama wewe, akasema, “Vizuri. Dawa imefika.” Tangu hapo unatembea kama umepewa medali. Usijivune. Hata kwinini ni dawa, na hakuna anayeipenda.

Sitakudanganya, kwa kuwa kuku bado yuko kati yetu. Jana ilikuwa siku mbaya. Juzi nayo. Leo si mbaya, na nimevaa shati mwenyewe. Padri ameniruhusu nijaribu kuanzia Jumatatu ijayo, nusu ya asubuhi tu, Placide akikaa nyuma ya darasa. Nikikaa chini, yeye atasimama. Nilimuuliza Padri kama watoto watanicheka. Alisema wameniulizia kila siku, hasa yule wa mkono juu.

Suruali uliyonishonea nimeivaa kanisani. Mguu mmoja umefika Nyangwe, mwingine umebaki Kasongo. Watu waliacha kusali wakanionea huruma, na safari hii si kwa sababu ya ugonjwa.

Nasikia njia ya Kabambare ina wezi wengi siku hizi. Angalia vitu vyako.

Théophile, mwalimu (nusu ya asubuhi)


Wamaza, tarehe 9 Oktoba 1954

Kwa Théophile, mwizi, mtoto wa mwanamke mwema aliyestahili mtoto mwingine,

Sote hatujambo. Mwavita anakusalimu na anaomba radhi kwa niaba ya kuku. Baba mkwe ananyonyoa kuku wote sasa mbele ya mashahidi. Mvua zimeanza, vumbi limelala, na kila kitu kimerudia rangi yake.

Nilipoondoka kwako nilipita kijiji cha kwanza vizuri, nikiwa na huzuni yangu. Kijiji cha pili mbuzi alisimama katikati ya njia. Nikapeleka kidole kwenye usukani kupiga kengele, kidole kikapita hewani. Nikatazama. Kengele haipo. Skurubu yake umeirudisha mahali pake na kuikaza vizuri, mtu mwenye adabu.

Baiskeli ilinipeleka mtaroni. Nilibaki humo nimekaa, nikilia na kucheka, wala sikujua kipi ni kipi. Mama mmoja aliyebeba mihogo alisimama. Akauliza, “Baba, uliumia?” Nikamwambia hapana, ndugu yangu ameniibia. Akasema, “Na unachekea nini?” Ningeanzia wapi? Kwa Babu?

Bulaimu amepita hapa Alhamisi. Anasema wiki iliyopita alikuwa Kasongo asubuhi moja, ameegesha kamyo karibu na shule, akasikia kengele ya baiskeli. Nilimwambia anisimulie polepole asiruke kitu. Alisema ililia kidogo, ikanyamaza, muda mrefu, mpaka akadhani imekwisha. Kisha ikalia tena, na watoto wakakimbilia ndani.

Basi nisikilize. Siku itakaponyamaza, niandikie. Usitafute kuku Nyangwe, usimpe Bulaimu kitu. Andika juu kabisa ya karatasi kwamba leo haikulia, nitaamini, nitakuja. Karani wa Kabambare ananijua sasa.

Lakini kengele yangu, mwizi wewe, usiirudishe.

Zuberi